Perege na Mitungi Iliyofukizwa

Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ina kiwanja katikati, na kisima ambacho siku hizi hakitumiki, maji yake chumvi tupu. Hapo kiwanjani ndipo mjukuu wangu wa kike alipoweka samaki wake. Anasoma chuo kikuu, mambo ya samaki. Mimi skuli niliiacha mapema, kwa hivyo akinieleza jambo hunieleza kama anayemlisha mtoto uji, kidogo kidogo.

Samaki wenyewe ni perege, wa maji matamu. Mke wangu hawataki hata kuwaona mezani, anasema wananuka tope. Hilo ni kweli, ila kwa nazi na ndimu mimi nala. Tuliache.

Mjukuu wangu alitaka kujua perege jike anamchaguaje dume. Akaniambia kila kiumbe ana kinga yake mwilini ya kupigana na maradhi, kairithi kwa mama na baba, na kwa samaki kinga hiyo hutoa harufu majini. Wapo samaki ambao jike hunusa, akamtaka dume mwenye kinga isiyofanana na yake, ili watoto wapate kinga za huku na huku. Je, perege naye yumo?

Nikamuuliza, na sisi? Maana mimi na bibi yake ni watoto wa ndugu wawili, tuliozeshwa na wazee. Akacheka, akasema yeye anasomea samaki tu.

Akaomba mitungi yetu miwili ya udongo. Mmoja atie maji aliyolala kaka wa jike aliyemchagua kumjaribu, wote wa bwawa moja la Kizimbani. Wa pili atie maji ya dume mgeni, wa bwawa la Kidichi. Maji yadondoke kwa mipira myembamba, huku na huku ya beseni refu, jike akae katikati achague. Jike tumbo lilikuwa limeshajaa mayai. Akiyataga, nafasi imekwenda, na mwalimu alikuwa akingoja majibu kabla ya likizo.

Alipokwenda Kidichi kumchukua dume, mke wangu akaiona mitungi mitupu. Huku kwetu mtungi wa maji hautiwi maji hivi hivi. Akawasha chetezo, akaipindua juu ya moshi wa ubani, mmoja baada ya mwengine, kwa moyo safi kabisa. Mjukuu aliporudi hakusikia harufu yoyote. Nyumba yetu inanukia siku zote, pua zimeshazoea.

Maji yakaanza kudondoka, jike akaganda katikati ya beseni. Hendi huku, hendi kule. Tukakaa tukimtazama mpaka chai ikapoa.

Mke wangu akauliza, "Kwani ubani haukushika? Mbona nliufukiza vizuri, mke mwenzangu." Ndivyo anavyomwita mjukuu wake, kwa utani.

Mtoto akakaa kwenye ngazi. Kisha akatueleza polepole kwamba udongo ukishashika harufu, haitoki kwa kuosha, na ndoo za plastiki nazo zina harufu yake. Hakumlaumu bibi yake, na nafikiri hilo ndilo lililomuuma zaidi bibi.

Mke wangu akapanda juu. Akashuka na mabakuli yake mawili makubwa ya kauri, ya harusi yetu, yaliyokaa kwenye zidaka za ukutani miaka yote. Hata biriani ya Idi haijapata kutiwa humo.

"Haya hayajanusa kitu," akasema. "Chukua."

Nyumba ikakaa bila udi. Mke wangu hata mafuta ya asumini hakujipaka, na mimi nimemjua tangu utoto, sijapata kuona. Madume wakalala kwenye mabakuli, maji yakaanza kudondoka upya. Jike akazunguka kidogo, akaenda upande mmoja, akatulia pale pale penye mpira.

"Upande huo wa nani?" mke wangu akauliza.

"Wa Kidichi, bibi. Si ndugu yake." Akatabasamu, lakini akaongeza kwamba samaki mmoja si jibu, itabidi alete majike wengine.

Mke wangu akavuta kigoda, akakaa karibu na beseni. "Walete," akasema. "Mabakuli yatakaa huku chini."