Vaa Kofia, Mzee

Mimi ni mtu wa hasira, na safari ile nilikuwa na hasira za miaka miwili tumboni. Dada yangu mdogo alikuwa mtaa wa Karantina, Jeddah, na mtoto wa kiume asiye na karatasi hata moja. Alimzaa chumbani, ndoa hakuna, baba mtu keshapotea. Kurudi nyumbani peke yake angeweza. Kumwacha mtoto? Hata! Ubalozini kwetu, Riyadh, walimwambia alete mtu mzima wa kwetu, anayejulikana, aje mwenyewe aape kwamba mtoto ni wa ukoo wetu. Mimi dereva, ninajulikana na nani?

Basi nikasikia mheshimiwa anakuja Riyadh, kisha anaenda Jeddah kwenye mkutano. Ni mtu wa kwetu, mfanyabiashara wa mbuzi na saruji, mgombea ubunge, tena mzee aliyevikwa kofia ya ngozi. Kwetu aliyevaa kofia ile hasemi uongo. Akisema, wazee wenzake wanamvua mbele ya watu, na tangu siku hiyo hakuna anayekula naye. Babu yangu alikuwa nayo. Kila alipotaka kumpeleka sokoni mbuzi mgonjwa, aliivua kwanza akaiacha kitandani. Nyanya alimcheka: "Leo unaenda kichwa wazi? Pole yao wanunuzi."

Nikamwomba bosi wangu wa Al-Malqa, Riyadh, siku nne na gari lake la zamani. Akanung'unika weee, mwisho akasema yalla, nenda, lakini lirudi limeoshwa. Nikajitolea kumpeleka mheshimiwa Jeddah, petroli juu yangu. Msidhani ilikuwa heshima. Nilitaka kukaa saa kumi nzima na mtu huyo, mahali asipoweza kunikimbia.

Tuliondoka alfajiri. Alikaa mbele, kofia kichwani. Simu ikalia, mnunuzi wa mbuzi. Mzee akaivua kofia, akaiweka magotini.

"Mbuzi elfu mbili, rafiki yangu, wako tayari bandarini! Wanono!"

Akakata simu, akaivaa tena, akatazama mchanga dirishani. "Dereva," akasema, "mbuzi hata mmoja sina bado."

Nilicheka nusura nitoke barabarani. Yeye hakucheka.

Nikaona hapo ndipo pa kuingilia. Nikamweleza habari za dada yangu, mwanzo mpaka mwisho. Nilipofika penye kuapa, mkono wake ukapanda, kofia ikashuka.

"Hilo jambo dogo, kijana. Tutalishughulikia."

Nikajua nimeambiwa hapana. Karibu na Makka tukachepukia barabara ya wasio Waislamu, maana sote wawili ni watu wa kanisani, tukaingia Jeddah jioni.

Mkutano ulikuwa kesho yake, katika nyumba ya kukodi yenye ua, kule Ruwais. Mikutano ya siasa haitakiwi huku, kwa hiyo tuliuita chakula cha mchana, na pilau ilikuwepo kweli. Walikuja madereva, walinzi wa getini, na wasichana wa kazi wachache walioruhusiwa na madam zao. Mheshimiwa akasimama kichwa wazi, kofia mezani kando ya soda. Akaahidi barabara. Akaahidi hospitali. Akasema hakuna Mkenya asiye na karatasi atakayebaki huku akishika yeye kiti. Watu wakapiga makofi. Dada yangu alikuwa nyuma, mtoto mapajani, naye akipiga makofi na machozi yakimtoka. Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia.

"Mheshimiwa, umesema vizuri," nikasema, nimeshasimama. "Sasa vaa kofia, mzee, useme tena."

Wa makabila mengine hawakuelewa. Wa kwetu walielewa vizuri sana, na mama mmoja akapaza sauti: "Eee! Avae!" Mwenyekiti wa shughuli akanivuta shati. "Kaa chini bwana, unatuaibisha."

"Niachie shati," nikamwambia. "Sikai. Avae."

Mzee alinitazama kwa macho makali, kisha akaitazama kofia. Akaivaa kwa mikono miwili, polepole, akaketi.

"Barabara," akasema. "Hela ya barabara sijui itatoka wapi. Hospitali siiwezi. Hao wote wasio na karatasi, siwajui hata idadi." Hakuna aliyepiga makofi sasa. Akamtazama dada yangu. "Na huyo mtoto, baba yake si wa kwetu. Nikimwita wetu, kuna nyumba kule nyumbani hazitanipa kura. Ndiyo sababu."

Dada yangu akainuka. Akapita katikati ya watu, akamweka mtoto magotini pa mzee, akasimama hapo hapo. Mtoto akanyoosha mkono akashika chupa ya soda. Nikauona mkono wa mzee ukipanda kichwani, ukafika sikioni. Kisha ule mkono ukateremka, ukamshika mtoto asianguke.

"Kesho tunarudi Riyadh," akasema. "Wote wanne."

Ubalozini tulipanga foleni tangu mlango ulipofunguliwa. Afisa wa dirishani akauliza bila kuinua macho: "Wewe ni nani wa mtoto?"

Mzee akatoa kofia kwenye mfuko wa plastiki, akaivaa mbele ya watu wote.

"Babu yake."

Halas, yakaisha. Dada yangu na mwanawe wako nyumbani. Mimi bado niko Al-Malqa, naosha magari ya bosi. Uchaguzi mzee alishindwa, na zilizomwangusha ni nyumba zile zile alizotuambia. Nilimpigia simu kumpa pole. Akaniambia hajuti hata kidogo.

"Umevaa?" nikamuuliza.

"Nimevaa, kijana."