Litungu la Ngozi ya Fahali

Juzi tukitoka Bunda kwenda Musoma, basi lilipofika kwenye mahame, litungu la mzee aliyeketi mbele yangu likaanza kunguruma. Nyuzi zake nane zilikazwa juu ya ngozi ya fahali wake kipenzi, aliyekufa.

"Mzee, acha kupiga," kondakta akasema.

Mzee akainua mikono yote miwili, mitupu. "Sipigi mimi. Hapa palikuwaga na zizi letu, kabla hatujahamia kijiji cha ujamaa. Fahali wangu anataka kushuka."

Nikajiambia ni mtikisiko wa injini tu. Dereva akasimamisha gari, akalizima. Nyuzi zikaendelea kunguruma.

Sisi watu tulitangaziwa kuhama. Fahali yule, nadhani, hakuna aliyemwambia.