Tonge la Mbeba Risasi

Kitabu cha mchezo wetu kilitoka Marekani, na bunduki zote zilizomo zilikuwa za huko huko. Hilo liliniudhi. Ni mchezo wa vita wa mezani: mnakaa watu wachache, kila mmoja anaigiza askari wake, mmoja anasimulia yanayotokea, na dadu zinaamua nani amepiga, nani amekosa na nani hainuki tena. Msimulizi ni mimi. Wenzangu ni mwalimu wa hisabati na fundi simu, na huwa tunacheza Jumapili mchana baada ya misa, ndani ya steshenari yangu hapa Mpanda, mlango nikiwa nimeurudisha nusu ili wateja wajue siku hiyo hakuna fotokopi.

Askari wa upande wetu wa dunia wamebeba bunduki za Mchina miaka yote. Basi nikaamua kuziingiza mwenyewe. Nikachagua rashasha nyepesi, zile za kubebwa na mtu mmoja, zenye miguu miwili mbele na kopo la risasi tumboni. Nilitafuta picha kwenye simu, za zamani zenye mkanda wa risasi uliokunjwa ndani ya kopo, na za siku hizi ambazo zimefupishwa hadi zinafanana na mabomba ya kupulizia dawa shambani. Kila moja nikaikatia kadi yake na kuipa alama za uzito, za umbali, na za kukwama ikiingiwa na matope. Askari wetu walikuwa visoda vya soda. Risasi zilikuwa punje za mahindi kwenye bakuli la bati, na ukifyatua unamwaga kiasi mezani, kelele tupu. Fundi simu alinitania kwamba mtu mzima na akili zangu nimekuwa jeshi la kuku.

Kanuni niliyojivunia kuliko zote niliitunga mwenyewe. Rashasha haiendi peke yake. Ina mpigaji, na ina mbeba risasi anayemfuata kila aendako. Sasa, kikosi kikirudi nyuma na mbeba risasi amejeruhiwa, mpigaji achague: abebe bunduki au abebe mtu. Vyote viwili havibebeki. Nilipiga hesabu ya uzito, mwalimu akaikagua, tukaona imekaa sawa.

Baba alikuja mwezi huo kutolewa mtoto wa jicho. Anaishi kijijini Mamba, analima mpunga, na kumtoa Mamba ni kazi kuliko kung'oa kisiki. Alishuka kwenye basi amevimba shingo, mbung'o wamemla njia nzima ya porini, akiwalaani kana kwamba nimewafuga mimi. Ujanani alipigana vita ya Kagera. Nyumbani tulilijua hilo, na mengine hatukuyajua. Ukimuuliza vita ilikuwaje, anakujibu kwamba kule ndizi ni nyingi sana. Basi. Kwa utoto wangu wote, vita ya baba ilikuwa ndizi.

Kitu kingine tulichokijua kilikuwa tonge. Tangu nipate akili, baba akinawa na kukaa kwenye chakula, anamega tonge la kwanza la ugali, analichovya mchuzi, analiweka ukingoni mwa sinia. Halili. Hataki mtu aliguse. Tukiuliza, anajibu, "Anakuja mtu." Tulikuwa tunautazama mlango hadi tunashiba, hakuna aliyeingia, na mwishowe kuku ndio waliofaidi.

Mama alikuwa Mkatoliki wa kweli, na tonge lile lilimkosesha raha. Aliamini baba analisha mizimu. Aliamini ni babu, baba yake baba, aliyekufa bila kubatizwa, ndiye anayekuja kudai haki yake mezani. Kwa hiyo akamwombea. Mwaka hadi mwaka alipeleka nia ya misa kwa roho ya babu, alifunga, alisali rozari akiwa anapepeta mchele, nasi watoto tukiitikia kwa kusinzia. Babu wa watu aliombewa kuliko Papa. Mama alipofariki, siku ya tatu ya msiba, sinia lilipoletwa, nilimwona baba akimega tonge na kuliweka pembeni kama kawaida. Nilikasirika nikatoka nje. Niliona kama mama alihangaika bure na hata msiba wake haukuheshimiwa.

Jumapili ile mwalimu alikuwa amekwenda msibani Kasekese. Mchezo wa watu wawili haunogi. Fundi simu akamgeukia baba, aliyekuwa kwenye benchi na kikombe cha chai, jicho moja limefunikwa bandeji.

"Mzee, njoo ukae nafasi ya mwalimu," akamwambia. "Wewe ndo mpigaji, mi nakubebea risasi."

Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Tangu afike alikuwa analalamikia maji ya mjini, mkate wa mjini na majogoo wa mjini, na mimi nilikuwa nimechoka kuyatetea. Baba akasogeza kiti. Akaichukua kadi, akaisogeza karibu na jicho zima, akaiangalia muda mrefu.

"Hii ya zamani naijua," akasema, akaiweka chini taratibu.

Alicheza vizuri, na kwa uchoyo. Fundi simu alitaka kumwaga mahindi mezani kwa fujo kama kawaida yake. Baba akamzuia mkono. Kila tuliposogea alimwambia kitu kilekile: "Kaa kushoto kwangu, mwanangu. Usitoke kushoto kwangu." Fundi simu akawa anasogeza kisoda chake kushoto, akinikonyeza, nami nikamkonyeza. Mzee kaingia mchezoni.

Kisha nikawaleta kwenye mto, maadui wakiwa wamejificha ng'ambo kwenye matete. Dadu zikaanguka vibaya. Mbeba risasi akapigwa pajani, na amri ikaja ya kurudi nyuma. Nikaisoma kanuni yangu kwa ile sauti yangu ya usimulizi: bunduki au mtu, vyote viwili havibebeki.

Baba akaniangalia. "Nani kakwambia hayo?"

"Hakuna, baba. Nimepiga hesabu tu."

"Hesabu," akasema.

Fundi simu, ambaye alidhani mzee hajaelewa, akamsaidia. "Beba bunduki, mzee. Ukiiacha wale wataiokota, watatumaliza nayo wote. Mi ni kisoda tu, niache."

"Hivyohivyo ndivyo alivyosema afande," baba akajibu. Halafu akaisukuma kadi ya bunduki kando kwa kidole. "Mi nabeba mtu. Nipe hizo dadu."

Nilimpa. Alihitaji alama za kawaida tu, hata hazikuwa nyingi. Akazitupa, zikatosha na kubaki. Fundi simu akapiga meza kwa furaha, mahindi yakaruka: "Tumepona, mzee! Tumevuka!"

Baba aliendelea kuzitazama zile dadu.

"Kumbe inawezekana," akasema.

Mchana ule wa Oktoba hata kuku walikuwa wamelala kivulini. Nikasema, "Baba, ni mchezo tu." Nililisema haraka, na kijinga, kama mtu anayetupa maji kwenye mafuta yanayowaka. Mama alikuwa na msemo wake, mzaha mzaha hutumbua usaha, na sijawahi kuuelewa kama nilivyouelewa pale.

Akatusimulia, sauti ileile ya kulalamikia maji. Mbeba risasi wake alikuwa kijana wa Magamba, hapa jirani na Mpanda. Walipangwa pamoja kwa sababu walitoka upande mmoja, na walikuwa wanakula sahani moja. Yule kijana ndiye aliyekuwa anamega tonge la kwanza na kumpa baba, kwa sababu mikono ya mpigaji haiachi bunduki. Siku waliyorudishwa nyuma alipigwa pajani. Baba akamkalisha chini ya mgomba. Amri ilikuwa bunduki isibaki. Yule kijana mwenyewe akamwambia, "Tangulia, nakuja."

"Nikabeba bunduki," baba akasema. "Tulipofika, afande akaita majina. Lilipofika la kwake, nikajibu mimi. Nikasema, anakuja."

Hakurudi kumchukua, hawakuruhusiwa. Bunduki ilisafishwa, ikapewa mbeba risasi mwingine. Baba akarudi Mamba, akaoa, akatuzaa, na kila alipokaa kwenye chakula alikuwa bado yuko kwenye lile jibu lake. Nilimfikiria mama na rozari zake. Miaka yote ile tulikuwa tunamwombea babu, ambaye pengine alikuwa amelala zake vizuri, na aliyekuwa anagonga mlango hatukumjua hata jina. Nilimwonea mama huruma, nikaionea aibu ile kadi yangu yenye alama nzuri za uzito.

Fundi simu alilia waziwazi. Mimi nilikusanya mahindi.

Nikamuuliza baba kama nifute kanuni ile. Akasema niiache, ni ya kweli. Akauliza kitu kimoja tu: kama misa inaweza kuombwa kwa mtu ambaye hajathibitishwa kuwa kafa. Nikamwambia katekista hatauliza hilo. "Atauliza jina," nikasema. Ndipo akalitaja. Mimi silitaji hapa. Wiki ile nilikwenda Magamba kuulizia, nikaambiwa wazazi wake walishakufa na ndugu zake walishahama.

Jumapili iliyofuata tulikaa benchi la nyuma, baba katikati yangu na fundi simu, bandeji imeshatoka. Katekista akasimama kusoma nia za misa: mgonjwa, wanandoa, marehemu huyu na yule, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za mbolea. Likaja lile jina.

Baba akasimama. Kanisa zima limekaa, yeye amesimama wima, mikono imenyooka ubavuni.

"Hayupo, afande," akasema.

Hakupaza sauti, lakini watu wa mbele waligeuka. Katekista akasita, kisha akaendelea na jina linalofuata. Nilimshika baba mkono akakaa.

Nyumbani nilisonga ugali, nikapika migebuka. Baba akanawa, akamega tonge la kwanza, akalichovya, akalipeleka mdomoni, akatafuna. Akasema samaki wamezidi chumvi. Alikula sinia lote mpaka ukingoni na akaomba maji.

Mimi tonge langu lilikuwa bado mkononi. Mlango ulikuwa wazi, na ni mimi niliyekuwa nautazama.