Ng'ombe Aliyerudi na Kamba Yake

Mimi si mtu wa kunyamaza, na nilipoachika sikunyamaza. Nilimwambia kadhi waziwazi: mtoto huyu ana baba, na baba yuko hai, ana afya, anacheka. Binti yangu hatembei, hasemi, na chakula kigumu humkaba. Shibe yake ni maziwa na uji mwepesi. Mume wangu wa zamani ni mfugaji, Muorma, hana mshahara wa kukatwa, kwa hiyo kadhi akamwambia akae na wazee wa kwao, matunzo ya mtoto yatoke kwenye mali aliyo nayo. Wakatoa ng'ombe. Ng'ombe mwekundu mwenye maziwa, na kamba yake shingoni, na akikauka baba alete mwingine. Sikupewa zawadi mimi. Ile ilikuwa haki ya mtoto, mimi mkamuaji tu.

Serikali nayo ilikuwa ikituma pesa kwa ajili ya ulemavu wake, nami nikaandikwa kuwa mlezi. Zikija, ni pampasi na dawa ya kifafa. Zikichelewa, tunaomba Mungu. Tukaishi hivyo, mguu mmoja kwa baba na mwingine kwa serikali, na mtoto akaanza kujaa mashavu.

Kisha mzee wa kijiji akapita kutangaza kwamba watu wa kuhakiki wanakuja, nyumba kwa nyumba, kuona ni nani bado anastahili. Jamani! Kijiji kizima kiliingia homa. Wako walioshusha sola paani, wako waliohamisha mbuzi kwa shemeji zao. Jirani yangu akaja mbio, hata salamu hakumaliza.

"Na wewe na ng'ombe wako? Wakimwona tu umekatwa. Watasema baba anamlea mwanawe, serikali inatafuta nini hapa?"

"Wacha wakate," nikamwambia. "Mimi simfichi ng'ombe wa mwanangu kama mwizi."

Nilisema kwa sauti kubwa, lakini nilikuwa naogopa, tena sana. Mama yangu alikuwa pembeni akipepeta mchele. Yote aliyasikia.

Siku ya soko nilikwenda Garsen kuuza ndizi. Niliporudi nikakuta kigingi kitupu, na mama amekaa mlangoni, amefurahi kama mtu aliyetua mzigo.

"Nimemrudisha ng'ombe kwa baba wa mtoto," akasema. "Atatushikia mpaka hao watu wapite. Nimempeleka na kamba yake, wasije wakasema tumewaibia. Na kile kibuyu chao cha maziwa kilichokuja naye nimekisugua kikatakata."

"Na kamba, mama?"

"Na kamba. Kitu cha watu hurudishwa kamili."

Nikakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Sisi ni Wapokomo, watu wa shamba na mto, na kwetu kurudisha kitu cha mtu bila upungufu ndiyo adabu yenyewe. Lakini katika ukoo wa mume wangu nimekaa, na mambo yao nayajua. Ng'ombe uliyepewa ukimrudisha bila kamba, maana yake nishikie, nitamfuata. Ukimrudisha na kamba yake, basi, mmemalizana, hamna deni tena. Mama angejuaje? Hakuwahi kulala hata siku moja kwenye boma lao.

Asubuhi nilifika kwa baba wa mtoto jasho linanitiririka. Mke wake mpya alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, anamkamua ng'ombe wetu. Walahi, nilitaka kuipiga teke ile ndoo. Mwanamume akatoka, hakuweza kunitazama usoni. Si mtu mbaya. Ukame ulimmalizia mifugo, na mtoto mchanga ni damu yake pia.

"Mama wa mtoto," akasema, "nilidhani umechoka na mimi. Nimepokea mbele ya watu. Nimeshampa huyu mchanga."

"Kwa hiyo mwanangu anywe nini? Mate?"

Wazee wao wakaitwa. Nikaeleza kwamba mama hakujua, kwamba ng'ombe ni wa mtoto na bibi hana mamlaka ya kusamehe haki ya mjukuu. Wakasikiliza kwa heshima, wakanipa chai, wakarudi kwenye neno lao: kamba imerudi. Mmoja akaona amepata dawa, akasema nimlete mtoto akae huko, anywe maziwa yaliko. Nikamwuliza ni nani atakayemshika kichwa akinywa asipaliwe. Nikasema na mengine ambayo hayaandikiki, nikaondoka. Kwa kadhi nitarudi, hilo nimeapa, lakini kesi ina miezi yake na tumbo la mtoto halingoji.

Kuanzia hapo ni uji wa maji. Mashavu yakaanza kuingia ndani.

Watu wa kuhakiki wakaja. Aliyeingia kwangu alikuwa binti mmoja mpole, na tableti yake, akakaa kwenye mkeka wangu. Akamtazama mtoto, akauliza habari za paa, mifugo, maji. Kisha akauliza: "Baba yake anasaidia?"

"Hasaidii," nikasema, na sasa ulikuwa ukweli mtupu. Nikamwaga habari yote ya ng'ombe. Aliacha kuandika.

"Pole, mama. Lakini ng'ombe mmoja wa maziwa ya mtoto hangekuondoa kwenye orodha. Anachopewa na baba ni haki yake, na hiki cha serikali ni kingine. Ungemwacha tu."

Akaaga. Nikabaki nimeshika mlango, hasira imenijaa mpaka masikioni. Mama akatokea njia ya mtoni, jembe begani, matope mpaka magotini. Tangu siku ile ya soko alikuwa anatoka kabla hatujaamka, na chakula anakigusagusa tu. Maneno nilikuwa nayo, tena nilikuwa nimeyapanga kwa siku nyingi.

"Wameshapita?" akauliza. "Wamesema nini juu ya ng'ombe?"

Nilimtazama.

"Wamesema ulifanya vyema, mama. Wangemkuta, tungekatwa."

Akaliteremsha jembe polepole, akashika ukuta.

"Alhamdulillahi," akasema, huku analia. "Nilikuwa najiambia nimemnyima mtoto maziwa bure."