Gunzi la Tatu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema hili mapema ili ujue kwamba hata aibu yangu kubwa kuliko zote haikunipata kilabuni wala safarini. Ilinikuta uani mwangu, mtaani Shieywe, nimelala chali chini ya gari, nimevaa kaptura iliyotoboka mahali ambapo kaptura haifai kutoboka.

Ilikuwa miaka ile sukari ilipokuwa na heshima. Watu wa Kabras walivuna miwa, wakalipwa, na kabla wiki haijaisha ungesikia nyundo zikigonga mabati mapya kila upande. Karani wa mshahara kama mimi, ambaye shamba lake lote ni mistari minne ya sukuma wiki nyuma ya jikoni, alibaki kutazama. Kutazama kukanichosha. Injinia mmoja wa kiwandani alipohamishwa akauza gari lake kuukuu, stesheni wagoni ya dizeli yenye rangi ya chai ya maziwa, nami nikalinunua kwa sababu ambayo hadi leo naona haya kuiandika: mlango wa nyuma ulikuwa na herufi tano za chuma zinazosema TURBO.

Sikujua tabo ni nini. Nilijua tu kwamba jirani yangu hana. Baadaye, kwa kusoma kitabu cha gari hilo nilichokikuta chini ya kiti, nilielewa kwamba ni kitu kama konokono wa chuma. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha pangaboi ndogo ndani yake, nayo hushindilia hewa kwenye injini ili gari lipate pumzi. Langu pumzi halikuwa nayo. Nikipanda kutoka mto Isiukhu nilipitwa na baiskeli iliyobeba gunia la mahindi, na mwenye baiskeli akanipungia mkono kwa huruma.

"Hayo maandishi ungeyatoa," mke wangu akaniambia. "Ibaki gari tu. Hivi inatuletea maneno."

Fundi hakuwa mbali. Alikuwa ndugu yake mdogo, shemeji yangu, mwenye gereji ya mabati karibu na soko la Malava. Miaka hiyo ya miwa ilikuwa imemfungulia mlango. Tajiri mmoja mwenye matrekta manne ya kubeba miwa alikuwa amempa mawili ayatengeneze, na kumwambia kwamba akiridhika atampa yote. Shemeji alikuwa akiishi kwa neno hilo. Alikwisha tafuta ploti ya kujenga gereji ya mawe, akawa anaitaja hata watu wakiongea habari za mvua.

Sisi wawili tulikuwa watu wa utani, kama mashemeji wanavyopaswa kuwa. Siku alipokuja kusikiliza gari aliinama, akaweka kiganja kwenye paipu, akatikisa kichwa.

"Shemeji, hii gari umeioa ama imekuoa?"

"Wewe sema ugonjwa. Mahari niachie mimi."

"Tabo haijakufa. Imejaa masizi tu. Itoe, nitaenda nayo Malava niioshe, nikuletee. Lakini kufunga nitakuja mimi mwenyewe Jumamosi. Na hizo mashimo zitabaki wazi, ziba na kitambaa cheupe, uache mkia mrefu inaning'inia. Ukiona mkia, unajua bado kuna kitu ndani."

Nikaitika kama mwanafunzi ambaye tayari ameamua kutofanya.

Tulikuwa katika msimu wa kuchoma miwa, na upepo ulipovuma kutoka Kabras vipande vyeusi vya majani vilianguka hata kwenye nguo zilizoanikwa mjini. Sikutaka majivu yaingie kwenye injini. Mashimo makubwa niliyafunika kwa nailoni. Mabomba madogo yalikuwa matatu, nami nikayaziba kama mama yangu alivyoziba chupa ya mafuta ya taa, na chupa ya maziwa, na kila kitu chenye mdomo katika nyumba yetu: kwa gunzi la mahindi. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango na kisu, nikachonga magunzi matatu kwa ustadi, nikiona fahari kwamba kitambaa cheupe ni cha watu wa Malava wasio na akili ya kujitegemea. La tatu, la bomba la chini linalorudisha oili kutoka kwenye tabo, lilikaa vizuri mno. Nililisukuma ndani na kulikata mpaka likalala sawasawa na mdomo wa bomba. Hata mkia wa panya haukuachwa.

Shemeji akaleta tabo Alhamisi, inang'aa. "Jumamosi," akanikumbusha. Ijumaa nilitoka kazini mapema, nikaifunga mwenyewe. Nilitaka tu Jumamosi akija nimwambie, "Umechelewa, karibu chai." Niliondoa nailoni. Niliondoa magunzi mawili. Nikapiga stata.

Dakika tano za kwanza gari lilinguruma kama simba aliyeokoka. Kisha ukatoka moshi. Si moshi wa kusema. Ulikuwa mzito, mweupe wenye ubuluu, ukapanda ukutani, ukavuka ua, ukaingia kwa jirani. Wanawake walikimbilia nguo zao kambani. Mmoja akapaza sauti, "Baba fulani, kiwanda cha sukari kimehamia hapa na hatukuambiwa?" Oili ilikuwa ikichuruzika kwenye ekzosi.

Mtu mwenye akili angengoja Jumamosi, ambayo ilikuwa kesho yake tu. Mimi nilifungua kitabu, nikasoma kwamba moshi wa namna hiyo ni dalili ya tabo iliyokufa, na kwa kuwa nilikuwa na uhakika kwamba mikono yangu haikosei, nikapata jibu moja tu. Tabo iliyorudi kutoka Malava haikuwa ile iliyokwenda.

Sikungoja aje. Jumamosi asubuhi mimi ndiye niliyefika kwake. Tajiri wa matrekta alikuwa ameketi kwenye kigoda, akingoja trekta lake limalizwe. Wateja wengine walisimama mlangoni.

"Shemeji, tabo yangu iko wapi?"

"Si iko kwa gari yako? Ama imetoroka?" Akacheka, akatazama watu ili nao wacheke.

"Ile umeniletea si yangu. Yangu ilikuwa nzima. Hiyo inakunywa oili kama mtu wa busaa."

"Wewe umeifunga? Mimi si nilisema nitakuja? Nilikuwa nakuja saa hii."

"Usinigeuzie maneno. Yangu umeuza, ukanipatia maiti."

Cheko likaisha usoni mwake polepole, kama taa ya kibatari inayopungukiwa mafuta. Akachukua tambara, akafuta kidole kimoja baada ya kingine.

"Unasema mimi ni mwizi? Sema tena polepole, shemeji. Pengine sijasikia."

Nami, kwa kuwa kidato cha nne nilisifiwa kwa insha, nikasema tena, polepole, kwa Kiswahili sanifu.

Tajiri alisimama, akakung'uta suruali, akamwambia dereva wake, "Funga hiyo trekta turudi yadi." Lile la pili lililokuwa nyuma ya gereji alituma watu kulichukua mchana huohuo.

Nilirudi nyumbani nikijiona shujaa. Mke wangu hakuniuliza habari za Malava. Alikuwa amekwisha zipata. Sijui nani alizileta haraka kuliko mimi. Wiki nzima chakula kilikuja mezani kwa wakati, na maneno hayakuja.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa chini ya gari nikitafuta ushahidi. Mpango wangu ulikuwa kuifungua tabo na kumwonyesha fundi mwingine. Hapo ndipo niliposikia mke wangu, aliyekuwa akianika nguo, akivuta pumzi kwa nguvu. Nikageuza kichwa. Kutoka pale nilipolala nilimwona mtu kuanzia magotini kwenda chini. Rinda la kanisani. Viatu vyeusi vyenye vumbi la njia ndefu.

Kwetu mama mkwe na mkwewe huheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na yeye haji kwako mpaka umemwalika ukamwandalia. Sikuwa nimemwalika. Alisimama hatua chache kutoka miguuni mwangu, akageuka akanipa mgongo, kama adabu inavyotaka. Kwa hiyo mazungumzo yote yaliyofuata niliyasikiliza nikitazamana na visigino vyake.

"Mama, karibu ndani," mke wangu akasema.

"Sikuja kukaa. Mwenye gari yuko?"

Mke wangu akatazama miguu yangu. "Yuko."

"Basi ambia yeye. Ambia yeye mimi nilizaa watoto saba. Wa kuzika nimezika. Mwizi sijazaa."

"Mama..."

"Ngoja. Ule mtu wa matrekta ameondoa zote. Mtoto wangu anashindanga kwa gereji akiangalia barabara kama mtu amefiwa. Hata kwa kanisa watu wananisalimia na vidole mbili. Ambia mwenye gari: kama ako na ushahidi, alete mbele ya wazee wa kanisa. Kama hana, pia alete huko kukosa."

Nilitaka kutoka. Naapa nilitaka. Lakini kaptura ile, na mama mkwe yule! Nilibaki chini kama kenge, spana mkononi, na mkono usio na la kufanya ukaanza kufungua kilichokuwa mbele ya pua yangu, yaani bomba la kurudisha oili. Nati ya kwanza. Nati ya pili. Bomba likalegea, oili nyeusi ikanimwagikia kwenye paji la uso na kuingia sikioni. Nikatia kidole kwenye bomba ili kuizuia, kidole kikagusa kitu kisicho cha chuma. Kilikuwa laini, chenye vijishimo vijishimo.

Nilijua kabla sijakitoa. Oili ilikuwa imeingia kwenye tabo ikakosa njia ya kurudi, basi ikatafuta njia ya kwenye moshi. Gunzi langu la tatu lilitoka limelowa, limenona. Tabo ilikuwa yangu, ileile, nzima, imeoshwa na mtu mwaminifu.

"Amesema nini?" mama mkwe akauliza.

"Hajasema," mke wangu akajibu.

Visigino vilingoja. Jua lilikuwa limeanza kuwaka. Ningeweza kusema neno moja tu pale chini, hata bila kutoka. Nilifunga mdomo, nikalitia gunzi mfukoni.

"Basi amesikia," akasema, na viatu vile vikaenda zake.

Nilirudisha bomba. Gari likapona siku hiyohiyo. Kwenye mlima wa Isiukhu nilimpita yule mtu wa baiskeli, akanipungia mkono, safari hii kwa furaha, nami sikuweza kupunga. Mke wangu alipouliza ugonjwa ulikuwa nini nilisema, "Mambo ya oili." Nikakaa na jibu hilo siku kumi na mbili. Kila siku nilijiambia kwamba kesho nitakwenda Malava, na kila kesho nikapata kazi ya nyumbani. Nilipalilia sukuma wiki mpaka ikaomba msamaha.

Mtu anayefuliwa nguo na mkewe husahau mifuko. Siku ya kumi na tatu niliketi kula, na kando ya sahani ya obusuma, ugali wetu, kulikuwa na gunzi jeusi juu ya kipande cha gazeti.

"Hii ni nini?" mke wangu akauliza.

"Gunzi."

"Gunzi naijua. Nimeuliza hii ni nini."

Nikamweleza yote. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Ulijua lini?"

Ningeweza kudanganya. "Mama akiwa amesimama hapa," nikasema.

Alilitazama gunzi wala si mimi. "Ulikuwa nayo kwa mkono," akasema, "na mama yangu amesimama kwa jua." Kisha akainuka. "Kesho ni siku ya soko Malava. Utaenda nayo. Na utasema palepale ulisema ile ingine, na sauti ileile."

Nilikwenda. Gari nililiacha nyumbani. Sikuwa na uso wa kufika nalo likinguruma vizuri. Gereji ilikuwa tupu, ila mzee mmoja mwenye pikipiki na akina mama wawili waliokwepa jua. Nilisimama kati, nikainua gunzi, nikasema kwamba mwizi hakuna, ila kuna mjinga, na mjinga ni mimi. Sauti haikuwa ileile. Ilikuwa nusu yake. Shemeji akaniambia, "Ongeza, shemeji. Ile siku ulisikika mpaka sokoni." Nikaongeza. Watu wakatoka sokoni kuja kusikia.

Alipokea gunzi, akaligeuzageuza chini ya mwanga. "Umechonga vizuri," akasema, akaliweka kwenye rafu kati ya boksi la plagi na kopo la grisi.

Mchana ule nilikwenda pia kwa tajiri wa matrekta. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama mlangoni, akasema amesikia, asante, na kwamba matrekta sasa yana fundi mwingine. Hayakurudi. Ploti ile ilinunuliwa na mtu mwingine, naye akajenga duka la mbolea. Gereji ya shemeji ni ya mabati mpaka leo.

Mama mkwe nilimpelekea kuku, ingokho aliyenona, mkubwa, kupitia kwa mke wangu. Alimpokea. Wakati wa kuondoka alimpa mke wangu chupa ya maziwa, imezibwa kwa gunzi jipya jeupe. Sijui kama alinisema au alikuwa anaziba chupa tu. Sikuthubutu kuuliza.

Shemeji naye alinisamehe kwa kinywa chake, na nadhani alimaanisha. Lakini kila Krismasi, tukiwa tumekaa na wageni, yeye hunigeukia.

"Shemeji, uliziba ngapi?"

"Tatu."

"Ukatoa ngapi?"

"Mbili."

Wageni hucheka mpaka machozi. Mimi pia hucheka, kwa kuwa ndiyo zamu yangu. Yeye hacheki. Hunimiminia chai, hungoja nimeze, kisha huuliza habari za gari.