Kikopo cha Mgeni wa Posa

Nyumbani kwa Bi Fatu, pale Kasingirima, Ujiji, hakuna aliyewahi kuugua. Watu walilala kitandani, ndiyo, na wengine hawakuamka tena, akiwemo mumewe, marehemu Khalfani. Lakini ugonjwa wenye jina, wa kutajwa mtaani na kuombewa pole, huo haukuvuka kizingiti chake. Malaria aliiita uchovu. Kuhara kwa wajukuu aliyasingizia maembe. Marehemu mwenyewe, mpaka siku anatoka kwa jeneza, alikuwa "amejipumzisha kidogo."

Basi alipoanza kukohoa yeye, kikohozi kilichoshinda tangawizi, asali na mawese ya moto, akakiita vumbi la dagaa. Alikuwa na biashara ya dagaa wakavu, na dagaa wana vumbi, nani angebisha? Alibisha binti yake wa mwisho, Yasmini.

"Mama, hilo vumbi ndilo linalokukondesha?"

"Nimefunga sunna."

"Na jasho la usiku je?"

"Godoro hilo. Linaweka joto."

Yasmini alikuwa ameposwa. Kijana alikuwa fundi pikipiki wa Mwandiga, mpole, wa kusali, na mazungumzo yalikuwa yamefika pazuri. Ubaya ni kwamba ukoo wake ulikuwa wa watu wa kupekua. Walishavunja posa moja kwa kuwa bibi wa binti alisemekana kuwa na kifafa. Bi Fatu alilijua hilo, na ndilo lililomnyima usingizi kuliko hicho kikohozi. Kifua kikuu nyumbani kwa bibi harusi! Wangegeuza pikipiki zao palepale uani.

Yasmini hakutaka kusikia. "Usipopima, siolewi."

"Unataka kunitoa roho."

"Kuna kitu kifuani kinataka kuitoa kabla yangu."

Bi Fatu akajifunika ushungi mpaka puani, akapita njia ya nyuma hadi kwenye zahanati. Mtaalamu wa maabara alikuwa Leodgar, kijana wa Kalinzi mwenye barakoa na macho ya kucheka.

"Mwakeye, mama," akamwamkia kwa Kiha, kisha akampa kikopo chenye kifuniko, jina lake limebandikwa ubavuni. "Kesho ukiamka, kabla ya kutia kitu kinywani, vuta pumzi, kohoa kutoka chini kabisa ya kifua, utemee humu. Mate siyataki."

Bi Fatu akampelekea mate.

Leodgar akakiinua kikopo kwenye mwanga wa dirisha. "Mama, haya ni mate ya mtu aliyeona ndimu. Vimelea ninavyovitafuta vinakaa chini kifuani. Nenda, urudi na makohozi." Akampa kikopo kingine.

Njiani alifikiri mpaka kichwa kikamuuma. Akitoa yake, huenda yakasema neno. Asipotoa, Yasmini haolewi. Yalihitajika makohozi mazito, halisi, ya mtu mzima asiye na doa. Akamkumbuka Mzee Saad, akatabasamu peke yake barabarani.

Mzee Saad alikuwa baba mkubwa wa bwana harusi, na ndiye aliyekuwa akija na kurudi kwa mambo ya posa. Kila Alhamisi alishuka kutoka Mwandiga, akalala chumba cha wageni kwa Bi Fatu, ili Ijumaa asali na rafiki zake wa zamani. Alikuwa na kifua kama ngoma na hakuchoka kukisifia. "Tangu nizaliwe," alikuwa akisema huku akijipiga mbavu, "sijui sindano inachoma wapi." Kweli alikohoa, ila kikohozi chake kilikuwa cha kibabe, cha kutangaza kwamba mwenye nyumba kaamka.

Ijumaa hiyo, baada ya sala ya alfajiri, Mzee Saad alitoka uani akikwangua koo kwa kishindo, akaelekea kwenye mfereji.

"Mkwe, ngoja!" Bi Fatu akamkimbilia. "Nyumba hii hatutemi chini. Marehemu hakupenda." Akamnyooshea kikopo, kimevishwa kitambaa cheupe cha kufuma ili jina lisionekane.

Mzee Saad akakitazama kwa heshima kubwa. "Ama kweli nyie watu wa Ujiji! Hata makohozi mnayapa kiti."

"Ndivyo tulivyolelewa."

"Bismillahi," akasema Mzee Saad, akakohoa kutoka chini kabisa, akakijaza kwa ukarimu. Bi Fatu akafunika. Kabla kahawa haijachemka, kilikuwa kimefika maabara.

Zahanati ilikuwa ndogo, aliyepima ndiye aliyepiga simu. Bi Fatu alipofika, Leodgar alifunga mlango, akafungua dirisha, akampa barakoa.

"Mama, mashine imeviona. Ni kifua kikuu. Usiogope, dawa zipo na kinapona kabisa. Ila watu wote wa nyumbani waje tuwapime."

Jambo la kwanza lililompata Bi Fatu lilikuwa kicheko. Alikimeza, kikamtoka kikiwa kikohozi. Mzee Saad! Ngoma ya Mwandiga! Halafu kicheko kikamkauka. Aliwaona wajukuu wa mzee yule wakipandiana mapajani mwake. Alimwona Yasmini akiingia nyumba hiyohiyo, na kanga mpya, na mimba ya kwanza. Akinyamaza, atameza dawa za mtu mwingine, na mwenye ugonjwa ataendelea kuugawa akijipiga mbavu.

"Mwanangu," akasema polepole, "hayo si yangu."

"Jina ni lako."

"Jina langu. Makohozi ya mgeni."

Leodgar akavua miwani. "Umeniletea makohozi ya mgeni?"

"Mgeni wa heshima sana."

Kijana akageukia ukutani, mabega yakamtikisika. Aliporudi, uso ulikuwa wa kazi. "Mlete huyo mgeni, atoe kwa jina lake. Na wewe utoe yako. Hapahapa, nikikuona."

Kumleta ilikuwa kazi nyepesi. Mtu anayesifia kifua chake humwambii anaumwa, unamwambia aonyeshe. Bi Fatu alimpigia simu, akamwambia kwamba kwao maharusi hawapimwi peke yao. Wazee wa pande mbili nao hupimwa vifua, ijulikane kwamba wataishi kulea wajukuu.

"Mimi?" Mzee Saad alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Utajuta, mkwe. Mashine itaona haya."

Mashine haikuona haya. Aliitwa ndani akiwa amenyoosha mgongo, akatoka na barakoa na mkoba wa dawa, amekuwa mfupi. Akaketi kwenye benchi la nje. Bi Fatu alikuwa ameandaa maneno matamu ya kumfariji, yenye kachumbari kidogo, lakini akaitwa yeye. Naye alipotoka, alikuwa na mkoba kama ule.

Mzee Saad akautazama ule mkoba. Uhai ukamrudi.

"Kumbe! Ni wewe uliyeniambukiza!"

"Mimi? Nani alikuwa akikohoa juu ya pilau yangu kila Alhamisi?"

"Mie nilikuwa mzima kabla ya kulala kwenye hicho chumba chako!"

"Na mimi nilikuwa na vumbi tu kabla ya kukukaribisha!"

Leodgar akachungulia mlangoni. "Wazee, dawa ni zilezile. Ninachotaka ni watu wote mliokula na kulala nao."

Wakaanza kuwahesabu. Wote waliokula pamoja walikuwa koo mbili nzima. Hapakuwa na siri ya kuficha, wala mlango wa nyuma wa kuwapitisha watu wote wale.

"Basi," Mzee Saad akanong'ona, "posa imevunjika."

"Aivunje nani?"

"Watu."

"Mwenye kifua kizuri ndiye aivunje," akasema Bi Fatu. "Mimi sina. Wewe unacho?"

Mzee Saad akajipapasa mbavu kwa vidole viwili, kama anayebisha hodi kwa jirani aliyegombana naye. "Harusi ingoje," akasema. "Tumeze kwanza mpaka mtaalamu aseme hatuambukizi. Sitaki kula biriani na hiki kitambaa usoni."

Jumatatu iliyofuata Kasingirima iliona msafara. Bi Fatu hakutaka njia ya nyuma tena, maana jambo likishakuwa la watu wote ni afadhali lipite barabarani limevaa. Aliwavisha wanawe na wajukuu nguo za Idi, akaoga udi, akatangulia mbele. Kwenye zahanati walikuta ukoo wa Mwandiga umekwishafika, wanaume kwa kanzu. Akaanza kuwapanga kwenye mabenchi, wakwe wakubwa kivulini, vijana juani, Yasmini mbali na fundi pikipiki kama inavyopasa, madirisha yote wazi.

Jirani mmoja akasimama njiani. "Bi Fatu, kuna nini leo? Harusi?"

"Tunapimwa kifua kikuu," akajibu kwa sauti ya kufika ziwani. "Koo zote mbili. Kwenu mnaozeshana bila kupima?"