Kiporo Hakikuwa Mabaki

Jumamosi iliyopita nililipa kiingilio ili nikafundishwe kula kiporo. Usinicheke, rafiki yangu. Au nicheke tu, maana nastahili. Wenzangu wa ofisini ndio walionivuta, wakisema kuna semina kwenye ukumbi mmoja karibu na Mnazi Mmoja ya kuwafundisha kina mama kuishi vizuri kwa bajeti ndogo. Mwalimu alikuwa dada mmoja mwenye kucha za kubandika na kipaza sauti kilichobanwa shavuni, na alianza kwa kutueleza kwamba siri hii aliigundua alipokuwa safarini Ulaya. Siri yenyewe, baada ya kuzungukwa kwa saa nzima, ilikuwa hii: chakula kikibaki usiku usikitupe, kipashe moto asubuhi ukile. Waliokaa mbele wakaandika kwenye madaftari. Mmoja alinyoosha mkono kuuliza kama wali nao unafaa.

Nilicheka kwa sauti, watu wakageuka, nikachukua mkoba wangu nikatoka. Nikakatiza kiwanja kwa miguu mpaka Kariakoo, nikaenda kusimama Mtaa wa Sikukuu mahali ilipokuwa nyumba yetu. Siku hizi ni ghorofa lenye vioo vya bluu. Chini wanauza makava ya simu, juu wanauza makava ya simu, na katikati, ukipanda ngazi zinazonuka mkojo, wanauza mabegi ambayo zipu zake hufa kabla hujafika nayo nyumbani. Mlinzi aliniuliza natafuta nini. Nilimwambia natafuta jiko la bibi yangu. Alinitazama, akaona bora aendelee na simu yake.

Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama nyingine za mtaa ule, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani bomba moja, choo kimoja na majiko ya mkaa sita yaliyopangwa ukutani. Sisi tulikuwa na chumba cha mwisho, mimi na bibi mzaa mama. Mama alikuwa ameolewa tena huko Tanga, na mume mpya hakutaka mtoto wa mume wa zamani, basi nikabaki kwa bibi. Bibi aliishi kwa kudarizi kofia, ambazo Mwarabu mmoja wa mtaa wa pili alizinunua na kuziuza dukani kwake. Kazi ya macho na sindano, na subira ambayo mimi sikuzaliwa nayo.

Hatukuwa na shida, na naomba unielewe hapo, kwa sababu watu wa semina wangemwona bibi yule wangemwonea huruma, na bibi hakuwa mtu wa kuonewa huruma na mtu anayebandika kucha. Sokoni alikwenda baada ya alasiri, shimoni kabisa, ile sehemu ya chini ya soko, wakati wauzaji wameshachoka na wanataka kurudi makwao. Asubuhi fungu la nyanya lilikuwa nyanya nne; saa hizo lilikuwa saba, na bibi akisimama hapo, akauliza habari za mke na za mtoto aliyekuwa na surua, akapewa na nyongeza juu. Tukifika nyumbani alizitandaza kwenye ungo. "Hizi zilizopasuka tunapika leo," alisema, "ngumu zitangoja." Nazi moja aliikuna mwenyewe, akakamua tui zito akaliweka kando, akakamua jepesi la kuchemshia maharage, na machicha yakaenda kwa kuku wa jirani yetu, mama mmoja wa Kichaga wa chumba cha pili, ambaye naye siku nyingine alituletea yai. Vifuu tuliwashia moto. Katika nazi ile kilichotupwa ni maji ya kuoshea mikono.

Bajeti yote ya bibi ilikuwa kikombe cha bati kilichobanduka rangi. Kila jioni alipima mchele, kikombe changu, kikombe chake, halafu akaongeza kingine na kusema, "Na hiki cha asubuhi." Wali ukiiva alianza kuchota wa asubuhi kabla sisi hatujagusa, akauweka kwenye sufuria ndogo, akafunika kwa sahani na kuweka jiwe juu kwa ajili ya paka. Sasa yule dada wa semina anasema chakula kikibaki. Hakikubaki chochote. Kiporo kwetu kilipimwa, kilipikwa, kilitengewa sufuria yake. Kilikuwa na heshima kuliko chakula cha jioni.

Asubuhi niliamshwa na harufu yake. Bibi alinyunyizia wali maji kidogo na lile tui alilokuwa amelihifadhi, akafunika, akapalia makaa juu ya kifuniko, na huku akichemsha chai ya mchaichai. Maharage ya jana yalikuwa yamekaza na kukolea nazi. Chini ya sufuria ulifanyika ukoko mwembamba, wa rangi ya dhahabu, ambao ulivunjika kwa mlio, na ukoko ule ulikuwa wangu. Nje machinga wa kwanza walikuwa wanaburuta mizigo, redio ya jirani inasoma matangazo ya vifo, na sisi wawili tumekaa kwenye mkeka tunakula taratibu. "Kula, mke mwenzangu," bibi aliniambia, kama bibi wote wanavyowatania wajukuu zao wa kike. "Kula ushibe, babu yako akirudi kutoka ahera asinilaumu."

Nami nilikuwa nakionea haya. Hapo ndipo upumbavu wangu ulipoanzia. Darasani kwetu watoto wa wenye maduka walikuja na harufu ya siagi midomoni, na mwalimu alipotufundisha mlo kamili, akamuuliza kila mtu amekula nini asubuhi, nilisema mkate na mayai. Nilisema bila kupepesa. Nikarudi nyumbani nimemkasirikia bibi kwa uongo nilioutunga mwenyewe.

Mjomba wangu, mtoto mkubwa wa bibi, alikuwa na duka la vitenge hapo hapo Kariakoo na alipanga ghorofani Mchafukoge, ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Ijumaa moja alipita kwetu akasema Jumapili asubuhi atakuja na mkewe kuzungumzia habari yangu. Walitaka kunichukua nikaishi nao. Mkewe ndiye aliyetaka, kwa kweli. Hawakuwa na mtoto, na ndugu zake walikuwa wameanza kusemasema. Bibi hakutaka. Aliniambia waziwazi usiku ule akiwa anapunguza utambi wa taa: "Mimi nataka ubaki. Lakini yule ni mwanangu na ana uwezo, akiona huku unapata tabu sitakuwa na la kusema. Basi tuwaonyeshe kwamba hupati tabu."

Habari ilienea uani kabla ya jua kuchwa siku ya pili. Nyumba zile mgeni wa mmoja alikuwa mgeni wa wote: sinia la huyu, chupa ya chai ya yule, kiti cha mwingine, na mgeni akiondoka kila kitu kinarudi kwa mwenyewe. Mama wa chumba cha pili alikuja na vikombe vyake vya maua.

"Shikamoo mama. Chukua hivi, na kesho nitakukaangia mayai, na mkate ntauleta kutoka dukani kwa Mangi," alisema. "Mke wa mwanao anajidai sana yule. Tumzibe mdomo."

"Marahaba, mwanangu, ahsante," bibi akamjibu. "Lakini watakula tunachokula. Kama kinamfaa mjukuu wangu kitamfaa na mwanangu. Nilimkuza kwa hichohicho."

Nilimsihi. Nililia, nikasema wataenda kututangaza. Jioni ile bibi alipima mchele kama kawaida, halafu akaongeza vikombe vitatu vya asubuhi badala ya kimoja, na nazi akanunua mbili.

Jumapili walikuja mapema. Mjomba alivua viatu akakaa mkekani. Mkewe alibaki amesimama mpaka alipoletewa kigoda, akakaa ukingoni, mkoba juu ya mapaja, akitazama kuta zetu kama aliyekuja kuzipima. Bibi akafunua sufuria. Naiona sura ya mjomba mpaka leo: mtu mzima mwenye duka, alifumba macho kwa harufu. Alikula kwa mkono, akaongezwa, akaongezwa tena, akaanza kukwangua ukoko bila kumuuliza mtu. Mkewe alionja maharage kwa ncha ya kijiko akayasukuma pembeni.

"Mama, sisi hatuna neno na wewe," alisema, "ila mtoto anahitaji mlo kamili."

"Mlo nusu umeuona wapi hapa?" bibi akamuuliza.

Mjomba akacheka mpaka akapaliwa. "Mke wangu, hebu tuache," alisema. "Mtoto ana afya, anasoma, yuko na bibi yake. Mama, mimi sioni shida." Nilimwona bibi akishusha mabega. Alikuwa ameshinda.

Ndipo yule mwanamke akanigeukia mimi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Eti mwanangu, na wewe unapenda kula viporo kila siku? Sema tu, usiogope."

Nikasema. Hakuna aliyenilazimisha, wala sikuwa mdogo kiasi cha kusamehewa, nilikuwa na miaka kumi. Nilisema, "Sipendi, anti. Nimevichoka. Hapa hakuna chakula, tunakula mabaki tu."

Mkono wa mjomba ulisimama juu ya sufuria. Bibi aliniangalia muda mrefu, si kwa hasira, ila kama mtu anayemtafuta mtu aliyekuwa amekaa hapo muda si mrefu. "Mabaki," akasema polepole. Kisha akainuka kwa kushika goti. "Haya. Mtoto amesema mwenyewe. Ngoja nimfungie nguo zake."

Mchafukoge tulikuwa na friji kubwa ya milango miwili. Friji ile ilijaa, na bado kila jioni tuliulizana tutakula nini. Mkate uliota ukungu, maziwa yakaganda, nyanya zikaoza chini kwenye droo bila mtu kukumbuka kwamba zipo. Kila asubuhi mke wa mjomba alimimina wali wa jana kwenye mfuko wa taka, na kila asubuhi alilalamika kwamba maisha yamepanda. Kila mtu alikula kwa wakati wake, amesimama. Nilipata mkate wangu na siagi yangu na yai langu, kama nilivyojisifia darasani, na kufikia saa nne tumbo lilikuwa linaunguruma mpaka jirani yangu wa dawati anasikia. Wiki ya kwanza nilijiona malkia. Ya pili nilianza kuamka na kunusa, nikidhani nitapata ile harufu, nikapata ya sabuni ya sakafu.

Jumamosi ya wiki ya tatu sikuvumilia. Nilitoka kabla mke wa mjomba hajaamka, nikakatiza Mnazi Mmoja kwa mbio, nikaingia koridoni kwetu nikihema. Harufu ilinipokea mlangoni. Nikasukuma pazia la chumba, na nani amekaa mahali pangu, kwenye mkeka, mguu mmoja ameukunja, sufuria ndogo mapajani? Mjomba. Kumbe kila siku alipokuwa anaaga kwamba anawahi kufungua duka, alikuwa anawahi huku. Mzee mzima, midomo inang'aa tui. Aliponiona alisitisha kutafuna, kama aliyefumaniwa.

Bibi alikuwa anamimina chai. Nilimwamkia, akaitikia vizuri tu, akaniuliza habari za shule. Nikakaa nikitazama sufuria. Akaona ninapotazama.

"Kimekwisha, mwanangu," alisema. "Nilipima cha watu wawili." Kisha akatoa noti kwenye fundo la khanga yake. "Kimbia kwa Mangi ukachukue mkate, na siagi ya kupima. Wewe ndiwe unayeupenda."

Hakusema kwa ubaya. Ningeshukuru kama angesema kwa ubaya. Nilikwenda, nikaleta mkate, nikakaa kuutafuna pale mkekani, mkavu unakwama kooni, na bibi ananiuliza kama siagi inatosha. Mjomba aliinamisha kichwa. Halafu akakwangua chini ya sufuria, akapata kipande cha ukoko cha upana wa kiganja, akaninyooshea. Ulikuwa bado na moto. Nilikuwa nautaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na bibi alikuwa ananitazama, na nadhani angetabasamu, nadhani angeniita jina lile la utani, na labda jioni ile ningerudishiwa nguo zangu. Nilitikisa kichwa nikasema, "Ahsante mjomba, nimeshiba."

Bibi tulimzika miaka mingi iliyopita, nikiwa bado naishi ghorofani kwa watu wale. Nyumba ikavunjwa, uani pakawa ngazi, na wapangaji wa vile vyumba sita sijui walitawanyikia wapi. Nawadharau waliojenga kile kichuguu cha vioo, namdharau dada wa semina na kucha zake, mke wa mjomba simzungumzii. Lakini wote hao nikiwajumlisha, dharau yangu kwao haifikii ninayomwekea yule mtoto wa miaka kumi, mwenye njaa, aliyekaa mbele ya bibi yake na kusema ameshiba.